Kompyuta Haikudanganya, Mimi Ndiye Niliyeuliza Vibaya

Najua ni wiki kadhaa sijaandika chochote hapa, na wengine wenu mmeniuliza kama nimehamia Nairobi. Sijahama. Bado nipo Machakos, bado naiona milima ya Iveti nikifungua dirisha asubuhi, na bado mkate wangu unatokana na kuandika programu. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa na aibu. Leo nitaieleza aibu hiyo bila kuficha, kisha nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo naona sisi waandishi wa programu tunalikwepa.

Jambo lenyewe ni hili: hifadhidata ikikupa jibu usilolitarajia, nani mwenye makosa? Na jibu hilo likimfikia mtu wa kawaida kama deni, nani atamwombea msamaha?

Kwa wale wasio wa fani hii, hifadhidata ni mahali programu inapoweka kumbukumbu zake. Zile tunazozitumia zaidi zimepangwa kwa majedwali, kama daftari la duka lililopigwa mistari. Kuna jedwali la wateja, jedwali la mauzo, na kadhalika. Ukitaka kujua kitu unaandika swali kwa lugha inayoitwa SQL, nayo hifadhidata inakujibu kwa mistari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakutuambia kwamba hata daftari likiwapo, mtu anaweza kulisoma vibaya, na mali ikapotea vilevile.

Haya, kisa chenyewe.

Kuna Sacco moja ndogo hapa mjini, ambayo sitaitaja jina. Wanachama wake ni wauzaji wa sokoni, waendesha bodaboda, walimu wachache na wakulima wa maembe wa upande wa Mwala. Mimi ndiye niliyewatengenezea mfumo wa akiba na mikopo. Mwaka jana mhazini aliniomba ripoti moja: kila mwenye mkopo, deni lililobaki, na nambari yake ya simu ili atumiwe ujumbe mfupi wa kumkumbusha. Kazi ya nusu saa. Niliandika swali langu, nikalijaribu kwa wanachama watano ninaowafahamu, hesabu zikawa sawa, nikaenda zangu kunywa chai.

Siku tatu baadaye nikapigiwa simu. Kuna mama anayeuza mboga sokoni alikuwa amepokea ujumbe kwamba deni lake ni shilingi 77,000. Yeye alijua anadaiwa 38,500. Alienda ofisini kuuliza. Karani akafungua ripoti, akaitazama, akamwambia, "Mama, kompyuta imesema elfu sabini na saba." Mama akarudi nyumbani. Kesho yake mdhamini wake, ambaye ni shemeji yake, akapigiwa simu na kuonywa kwamba mtu aliyemdhamini ana deni kubwa. Na ule mkopo wa dharura aliokuwa ameuomba kwa ajili ya karo ya mtoto wake wa sekondari ukakataliwa.

Nilipofika ofisini nilimkuta ameketi kwenye benchi, kijitabu chake mkononi, na simu yenye kila ujumbe wa M-Pesa wa malipo aliyowahi kufanya. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sikusoma sana, lakini kuhesabu najua. Hizi pesa nyingine nilizila lini?"

Niliangalia 77,000. Nikaangalia kijitabu: 38,500. Mtu yeyote aliyeandika SQL kwa zaidi ya mwezi mmoja anajua maana yake deni likiwa mara mbili kamili. Nilijua kosa ni langu kabla hata sijafungua kompyuta. Hili hapa ndilo swali nililokuwa nimeandika:

SELECT w.jina, s.nambari, SUM(m.salio) AS deni
FROM wanachama w
JOIN mikopo m ON m.mwanachama_id = w.id
JOIN simu s ON s.mwanachama_id = w.id
GROUP BY w.id, w.jina;

Samahani, hapo juu nimejipendelea. Kwa kweli hifadhidata ilikataa swali hilo, ikalalamika kwamba nambari ya simu haimo kwenye kundi. Badala ya kujiuliza kwa nini inalalamika, nikaandika MIN(s.nambari) ili ichukue nambari moja tu. Ikanyamaza, nami nikafurahi. Kumbukeni jambo hilo, nitalirudia.

Tatizo liko wapi? Mama yule ana laini mbili za simu, kama Wakenya wengi. Kwenye jedwali la mikopo ana mstari mmoja, kwenye jedwali la simu ana mistari miwili. Nilidhani nikiyaunganisha majedwali hayo nitapata "mama na mkopo wake na simu zake". Hifadhidata haifanyi hivyo. Inaunganisha mistari, na kila mstari wa mkopo unaoana na kila mstari wa simu. Kwa hiyo mkopo mmoja ukatokea mara mbili, mara moja kwa kila laini. SUM ikajumlisha 38,500 na 38,500. Ile MIN yangu ikaficha nambari ya pili, na kwa hiyo ikaficha dalili ya pekee ambayo ingenionyesha kuna mistari miwili. Angekuwa na laini tatu angedaiwa 115,500.

Wale watano niliowajaribia mwanzoni? Wote wana laini moja moja.

Nilipoanza kuchimba nikagundua kubwa zaidi. Wapo wanachama wasio na simu yoyote iliyosajiliwa kwetu, hasa wazee. Kwa kuwa hawana mstari kwenye jedwali la simu, hawakuoana na chochote, wakaanguka. Hawakuonekana kwenye ripoti kabisa. Kwa mujibu wa ripoti yangu, watu hao hawakuwa na mkopo.

Sasa sikilizeni hili. Wenye laini mbili walikuwa 11, na madeni yao yalipanda kwa jumla ya shilingi 312,000 zisizokuwepo. Wasio na simu walikuwa 9, na madeni yao yaliyopotea yalikuwa 302,500. Moja lilipandisha, jingine likashusha. Mhazini alipolinganisha jumla ya ripoti na jumla ya daftari lake la mikopo, aliona tofauti ya shilingi 9,500 tu kati ya karibu milioni tano. Akasema huenda ni riba ya siku chache. Ningekuwa mimi, pengine nami ningesema hivyo.

Hapo ndipo jasho lilinitoka. Makosa mawili yalikuwa yamefichana, kila moja likimsitiri mwenzake.

Marekebisho hayakuwa magumu. Unakokotoa deni kwanza, peke yake, kutoka jedwali la mikopo, hadi uwe na mstari mmoja kwa kila mwanachama. Kisha ndipo unatafuta simu, na unatumia LEFT JOIN ili asiye na simu abaki kwenye orodha na kisanduku chake cha simu kiwe tupu. Mwenye laini mbili unachagua moja iliyowekwa alama kuwa ndiyo kuu.

Kuna dawa nyingine ambayo wengi wetu tungeikimbilia, nami nawaonya. Ukiandika SUM(DISTINCT m.salio), hifadhidata itajumlisha kila kiasi mara moja tu. Deni la mama litarudi 38,500 papo hapo, na utajiona fundi. Lakini mwanachama mwenye mikopo miwili tofauti, kila mmoja umebaki 10,000, ataonekana anadaiwa 10,000 badala ya 20,000. Umeziba paa upande mmoja, maji yanaingia upande wa pili, na safari hii hakuna atakayekuja kulalamika. Nani analalamika akiambiwa deni limepungua?

Ndiyo maana nasema kosa linalotangazwa na kompyuta ni rafiki yako. Programu ikigoma, ikaandika maandishi mekundu, utaamka usiku uitengeneze. Adui ni ile nambari safi, iliyopangwa vizuri, yenye koma mahali pake, ambayo si ya kweli. Na ukikumbuka ile MIN yangu, hifadhidata ilikuwa imenionya. Ilisema haielewi ninataka simu ipi. Hilo lilikuwa swali zuri kuliko langu. Mimi nikaiziba mdomo.

Watu wa fani watauliza, hivi SQL ni mbaya? Hapana. Edgar Codd, Mwingereza mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California, alichapisha mwaka 1970 makala iliyopendekeza kwamba data ipangwe kwa mahusiano ya kihisabati, na mtumiaji asilazimike kujua imehifadhiwa vipi ndani ya mashine. Mwaka 1974 wenzake Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaleta lugha ya kuulizia, ambayo baadaye ikawa SQL. Uzuri wake ni kwamba unaeleza unachotaka, na mashine inajitafutia njia ya kukipata. Zaidi ya miaka hamsini baadaye bado tunaitumia, na sidhani itatutoka karibuni.

Lakini uzuri huo ndio mtego. Kwa kuwa njia huioni, unasadiki kwamba umeeleza ulichokuwa nacho kichwani. Hifadhidata haijui kichwa chako. Inajua ulichoandika tu. Ni kama kumtuma mtoto dukani akuletee "mkate au maziwa" akarudi na kimoja. Ukimfokea, kosa ni la nani?

Nitawapa mifano mingine miwili kutoka mfumo huohuo, ili msidhani niliteleza mara moja tu.

Mwenyekiti aliwahi kutaka orodha ya wanachama ambao hawajamdhamini mtu yeyote. Nikaandika:

SELECT jina FROM wanachama
WHERE id NOT IN (SELECT mdhamini_id FROM mikopo);

Jibu likaja tupu. Hakuna hata mmoja. Mwenyekiti akafurahi sana, akasema, "Kumbe watu wetu wanasaidiana hivi!" Mimi nilijua haiwezekani, kwa sababu kuna wanachama waliojiunga wiki hiyohiyo.

Sababu ni kwamba mikopo mingine haina mdhamini, kwani imefunikwa na akiba ya mkopaji mwenyewe. Kisanduku cha mdhamini kimeachwa NULL, yaani hakina thamani inayojulikana. NULL si sifuri, wala si neno tupu. Ni "sijui". Fikiria mlinzi mlangoni mwa ukumbi. Unamuuliza, "Je, una hakika Mutua hayumo humo ndani?" Anatazama. Huyu si Mutua, yule si Mutua, lakini kuna mmoja amejifunika blanketi gubigubi. Mlinzi mwaminifu hawezi kukuambia ana hakika. Atasema hajui. Na hifadhidata hukuletea tu mistari ambayo jibu lake ni "ndiyo" kamili. "Sijui" inatupwa pamoja na "hapana". Kwa hiyo NULL moja tu ndani ya orodha ile ilitosha kuwafuta wanachama wote. Ukiandika kwa NOT EXISTS shida hiyo haipo, kwa sababu hapo unauliza kama kuna mstari wowote unaomtaja mtu huyu kuwa mdhamini, na mstari usiomtaja mtu hauhesabiwi.

Mfano wa pili ni wa saa. Seva yetu ilikuwa inaandika muda wa UTC, ambao uko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa masaa matatu. Mwanachama mmoja ni mlinzi wa usiku. Mchango wake wa Mei alikuwa ameulipa tarehe 3 mchana. Wa Juni aliutuma kwa simu tarehe 1 Juni saa nane na robo usiku, akiwa kazini. Kwenye seva ikaandikwa tarehe 31 Mei, saa tano na robo usiku. Ripoti ikasema amelipa mara mbili Mei, na Juni hajalipa. Akatozwa faini ya shilingi 200. Mtu ambaye aliwahi kuliko wote, kabla hata jogoo hawajawika, ndiye aliyepigwa faini ya kuchelewa!

Angalieni kwamba katika visa vyote vitatu hakuna kilichoharibika. Hakuna diski iliyokufa, hakuna virusi, hakuna mdukuzi. Data ilikuwa sahihi. Jibu lilikuwa sahihi pia, kwa swali nililoandika. Pengo lilikuwa kati ya swali nililoandika na swali lililokuwa kichwani mwangu.

Basi, siku hizi nikipata jibu nisilolitarajia nafanya hivi, na mnaoanza kazi hii mnaweza kuiga.

Kwanza, sigusi swali. Namtafuta mtu mmoja ambaye jibu lake najua kwa hakika, kwa mfano yule mama na kijitabu chake, na ninamfuata huyo peke yake. Mtu mmoja anaeleweka, elfu moja hawaeleweki.

Pili, naondoa SUM na COUNT na GROUP BY, niione mistari mibichi kabla haijapikwa. Ningefanya hivyo siku ile ningeuona mkopo mmoja umesimama mara mbili, bila kuhitaji akili yoyote.

Tatu, naanza na jedwali moja, nahesabu mistari. Naunganisha la pili, nahesabu tena. La tatu, nahesabu tena. Idadi ikipanda au ikishuka bila sababu ninayoweza kuieleza kwa maneno ya kawaida, nimempata mwizi.

Nne, kwa kila kisanduku ninachotumia kwenye sharti, najiuliza kama kinaweza kuwa NULL, na kwa kila tarehe najiuliza ni saa za wapi.

Tano, naandika kwa Kiswahili, kwenye karatasi, mstari mmoja wa jibu unamaanisha nini. "Mstari mmoja ni mwanachama mmoja mwenye mkopo." Nisipoweza kuandika sentensi hiyo, sina haki ya kujumlisha.

Hayo ni ya kiufundi, na mengi yake nilifundishwa chuoni. Profesa wetu alituchorea duara za kuunganisha majedwali ubaoni, nami nikapata alama nzuri tu. Ambalo sikufundishwa ni kwamba upande wa pili wa swali la SQL kuna mtu ameketi kwenye benchi na kijitabu.

Nisieleweke kwamba hili ni jambo la Sacco ndogo za mijini tu. Tazameni Garissa. Baada ya kambi za Dadaab kufunguliwa mwaka 1991, familia kadhaa za Wakenya wenyeji wa huko, zikibanwa na ukame na umaskini, zilijiandikisha kama wakimbizi ili zipate chakula na huduma. Watoto nao wakaandikishwa. Miaka ikapita, watoto wakawa watu wazima, wakaenda kuomba kitambulisho. Alama za vidole zikalinganishwa na hifadhidata ya wakimbizi, na jibu likaja: yumo. Maelfu ya Wakenya wakanyimwa vitambulisho, na bila kitambulisho katika nchi hii hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu, hupati kazi ya maana. Hifadhidata iliulizwa, "Je, alama hizi zimo?" Ikajibu kweli. Ofisini ikasomwa kana kwamba iliulizwa, "Je, mtu huyu si Mkenya?" Swali hilo haliko ndani ya jedwali lolote la alama za vidole.

Wala msidhani ni shida ya Afrika. Uingereza, shirika la posta lilianza mwaka 1999 kutumia mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Mfumo ulionyesha pesa zinapungua kwenye matawi. Wasimamizi wa matawi hayo walisema hawakuiba. Waliambiwa mfumo uko sawa. Hadi kufikia mwaka 2015 zaidi ya 900 kati yao walikuwa wametiwa hatiani, wengine wakafungwa jela. Desemba 2019 Mahakama Kuu huko iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zinazoweza kusababisha upungufu wa uongo kwenye hesabu, na mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kufuta mamia ya hukumu hizo. Watu walikaa miaka ishirini wakiitwa wezi kwa sababu ya nambari kwenye kioo.

Visa hivyo viwili havifanani kiufundi, wala mimi sijilinganishi navyo. Lakini vinafanana mahali pamoja. Kuna mtu alisema "hii si kweli", na mtu mwingine, aliyeketi nyuma ya meza, akajibu "kompyuta imesema". Mazungumzo yakaishia hapo.

Maoni yangu ni kwamba sentensi hiyo tunapaswa kuifuta kwenye ofisi zetu, na kazi ya kuifuta ni yetu sisi tunaotengeneza mifumo. Karani hana kosa. Nilimpa nambari moja kubwa kwenye kioo, bila njia yoyote ya kuona imetoka wapi. Angefanya nini zaidi ya kuisoma? Mhindi dukani akikuambia unadaiwa elfu moja, anakugeuzia daftari uone: unga, sukari, mafuta, tarehe fulani. Mifumo yetu ya kisasa imeondoa kitendo hicho cha kugeuza daftari, nasi tunaita hayo maendeleo.

Kwa hiyo nimebadilisha. Sasa kila deni kwenye mfumo ule linabonyezwa, na chini yake inafunguka mistari yote iliyolifanya: mkopo wa tarehe gani, malipo gani, nambari gani ya muamala wa M-Pesa. Karani akiulizwa, anamgeuzia mwanachama kioo. Pia kila ripoti sasa inaishia na mstari wa ukaguzi unaolinganisha idadi ya watu waliomo na idadi ya wenye mikopo kwenye jedwali lenyewe. Siyo jumla ya pesa peke yake, kwa sababu mmeona jumla inavyoweza kudanganya makosa yakifichana. Na malalamiko ya mwanachama yananijia mimi kabla mdhamini hajapigiwa simu.

Wewe usiye mwandishi wa programu nawe una kazi yako. Ukiambiwa na ofisi yoyote kwamba kompyuta imesema, omba kuonyeshwa mistari. Usiombe jumla, omba mistari. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuzifikia taarifa zako na haki ya kutaka zile za uongo au za kupotosha zirekebishwe. Weka risiti zako. Usifute ujumbe wa M-Pesa. Kijitabu cha yule mama, chenye madoa ya sukuma wiki kwenye jalada, kilikuwa sahihi kuliko programu ya mtu mwenye digrii.

Mnataka kujua iliishaje? Ripoti ilirekebishwa siku hiyohiyo. Wale 11 walitumiwa ujumbe wa kuwaomba radhi, na wale wazee 9 wakarudishwa kwenye orodha. Mlinzi alirudishiwa shilingi zake 200. Mkopo wa karo wa mama ulipitishwa wiki iliyofuata, lakini kijana alikuwa amekwisha kukaa nyumbani siku sita huku wenzake wakisoma. Siku hizo sita hakuna swali la SQL litakalozirudisha.

Nilikwenda sokoni mwenyewe kumwomba mama msamaha. Alinisikiliza huku akifunga mafungu ya mboga. Nilipomaliza akanitazama, akasema, "Mimi nimekusamehe, mwanangu. Sasa hiyo kompyuta yako iende ikamwambie shemeji yangu."

Kompyuta haiwezi kwenda. Kwa hiyo nilikwenda mimi, Jumamosi, kwa matatu hadi Masii, kisha kwa bodaboda. Mzee alinikaribisha uji, akanisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Na kabla ya kunipigia simu, hamkuweza kumuuliza yeye?"

Sikuwa na jibu. Tutaonana tena panapo majaliwa.